Saa Moja ya Jumatano

MWALIMU MKUU (shule ya msingi, Newala): Nilichopendekeza ni kidogo, nikashangaa kilivyogawa watu. Kila Jumatano, saa nane mchana hadi saa tisa, walimu wakae pamoja bila daftari wala andalio la somo. Wanywe chai. Anayetaka kunyoosha mgongo anyooshe, mwenye jambo linalomkaba alitoe. Tunavyo vipindi vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambamo tunafundishana namna ya kufundisha. Vinasaidia. Lakini hakuna kipindi cha kuulizana umelalaje. Nina walimu kumi na mmoja. Mmoja wao nilijua anaumwa siku aliyoanguka mbele ya ubao, na asubuhi ile ile tulikuwa tumesalimiana vizuri tu: salama, salama.

MZAZI (mkulima wa korosho, mjumbe wa kamati ya shule): Mwalimu Mkuu, nakuheshimu, na chai sikukatazi. Nauliza saa hiyo inatoka wapi. Mwaka wa masomo una siku 194. Wewe unajua, nami najua, kwamba huku hazifiki. Likizo ya Juni watoto wanaingia jando na unyago, wengine wanarudi shule imekwisha kufunguliwa. Oktoba korosho zinadondoka, na sisi wazazi, nisifiche, tunawachukua wakaokote. Mvua kubwa ikinyesha, wa mbali hawaji. Mwanangu yuko darasa la nne, mwaka wa mtihani wa upimaji. Ukichukua saa moja kila wiki, hadi Desemba umemchukulia zaidi ya wiki nzima ya masomo.

MWALIMU WA DARASA (darasa la pili, mwaka wake wa tatu Newala): Saa hiyo mimi pia siitaki, ila sababu yangu si ya baba. Naogopa tutapewa chai mahali pa haki. Kwetu ni Kagera. Nilipangiwa huku kwa ajira mpya, nikaja na sanduku moja na barua. Shule ina nyumba mbili za walimu, na tuko kumi na mmoja. Nimepanga chumba kitongoji cha pili. Maji huko yanafunguliwa kwa zamu, siku moja katika wiki, na usipokuwepo bombani na madumu yako siku hiyo umekosa hadi zamu nyingine. Hapo unanunua dumu la bodaboda, na mwezi wa tisa na wa kumi hata hilo unalisubiri. Sasa nikae kwenye duara niambiwe nivute pumzi taratibu na niwaze mema. Nitavuta. Nikifika nyumbani ndoo itakuwa tupu vile vile.

MWALIMU MSTAAFU (Masasi): Mwanangu, shida ya maji ya uwanda huu ina umri mkubwa kuliko mimi na wewe. Mchanga wa huku juu unameza mvua yote, mto hakuna. Bibi zetu waliteremka bondeni gizani, wakapanda na mitungi kichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, Mwingereza akisukuma maji kwa mashine kutoka chini. Miaka ya 1970 ikaja Finland na miradi yake ya Mtwara na Lindi. Leo tunaambiwa mradi wa miji 28, kwa mkopo wa India. Na katika miaka yote hiyo watoto wa Newala walijifunza kusoma. Mimi ni mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mkutano wa Musoma wa Novemba 1974 ulipoamua kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba kama mimi. Asubuhi nafundisha, jioni nafundishwa. Nimestaafu 2017 baada ya miaka arobaini na moja. Kama tungengoja maji ndipo tuwe na moyo wa kazi, Newala isingekuwa na msomi hata mmoja. Mwalimu ana kitu ndani yake ambacho serikali haiwezi kumjengea, lazima akijenge mwenyewe.

MWALIMU WA DARASA: Shikamoo, Mzee. Naomba nikuulize kwa adabu. Wenzako mlioanza pamoja, wote walifika hiyo arobaini na moja?

MWALIMU MSTAAFU: Marahaba. Tulianza watano shule moja. Tuliofika ni wawili.

MWALIMU WA DARASA: Na watatu?

MWALIMU MSTAAFU: Mmoja alikwenda na malaria, Mungu amrehemu. Mmoja alimalizwa na pombe ya mabibo. Alianza na uraka kama watu wote wa msimu, akahamia kwenye nipa, mwishowe akawa anaingia darasani watoto wanamshika mkono kumwonyesha kiti. Wa tatu hakuwa mlevi. Alikuwa na madeni. Mnaijua kangomba: mkulima akibanwa, anauza korosho zikiwa bado mtini, kwa kipimo na bei anayotaka mnunuzi. Mwenzangu huyo alifanya kangomba ya mshahara. Kadi ya benki alimwachia mkopeshaji, na namba ya siri akampa. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye aliyekwenda kuchukua, akamkatia chake, akamletea makombo. Aliacha kazi usiku, hakuaga mtu. Sasa nawaambia, si ukosefu wa maji uliowaondoa hao wawili. Ni tabia. Mtu asipojua kujizuia, hata umpe bomba chumbani atapotea.

MWALIMU MKUU: Mzee, wewe unanipinga huku unanitetea. Kuna aliyekaa na huyo wa madeni akamuuliza?

MWALIMU MSTAAFU: Hakuna. Tulimcheka.

MWALIMU WA DARASA: Mimi sitaki kumtetea mlevi, lakini hili la kujizuia nalijibu kwa hesabu. Mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia tano. Bima ya afya asilimia tatu. Chama cha walimu asilimia mbili. Mkopo wa elimu ya juu asilimia kumi na tano. Jumlisha: robo ya mshahara imeondoka na kodi ya mapato sijaitaja. Kuna mama yangu Kagera na mdogo wangu yuko sekondari. Kuna kodi ya chumba. Kuna yale madumu. Kila mwaka anakuja mtu wa semina anatufundisha nidhamu ya fedha, tuandike matumizi kwenye daftari. Naandika. Daftari langu ni safi kuliko la mwanafunzi yeyote. Kinachokosekana ni cha kuandika upande wa kulia.

MUUGUZI (zahanati ya kijiji): Mnaongea kana kwamba mwili unangoja mjadala uishe. Mimi nawapokea walimu, na wengi wanakuja jioni, mlango wa nyuma, kwa sababu mwalimu anaona haya kukaa benchi moja na wazazi wa wanafunzi wake. Nimeona sauti iliyokatika kwa kupigia kelele darasa la watoto wengi. Nimeona vidonda vya tumbo kwa mtu aliyekunywa chai ya rangi saa kumi na mbili asubuhi na kula saa kumi jioni. Presha nimeikuta kwa mwalimu wa miaka thelathini na mbili. Na kuna wale wasioumwa popote. Anakaa, anasema kichwa, namchukua vipimo vya malaria, hakuna kitu, halafu anaanza kulia. Hao ndio wananitisha. Kuna mambo hayahitaji bajeti: kula kabla ya saa nne, kunywa maji, kutumia kengele au kupiga makofi badala ya koo, kutembea jioni na mwenzako mkaongea yasiyo ya shule. Uji wa wanafunzi unapikwa pale pale, na mwalimu anapita kando yake na njaa yake. Saa ya Mwalimu Mkuu ingeanza hapo tu, mimi ningefurahi.

MZAZI: Sasa niseme na sisi tulivyo, maana naona mnalia peke yenu. Mwaka 2018 minada ya korosho ilikwama, wanunuzi wakataka bei ya chini, tukagoma. Rais akasema serikali itanunua kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba. Tulishangilia. Halafu wapo waliongoja malipo miezi na miezi. Salfa ya kupulizia mikorosho msimu uliofuata watu walikopa. Nilikuwa nalala macho wazi nikihesabu boriti za dari. Hakuna aliyeniundia kikao cha chai. Mwalimu mshahara wake unakuja kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, ubwiri unga ule mikorosho usile. Ndiyo maana mkulima akisikia mwalimu anataka saa ya kupumzika, moyo unamuuma kidogo.

MWALIMU WA DARASA: Baba, una haki ya kuumia, na sikupimi maumivu. Mwaka ule nilikuwa bado chuo, lakini walimu wenzangu wananisimulia. Watoto walikuja bila kula, wakalala juu ya madawati, na mwalimu akawa ndiye baba na mama na mpishi. Tabu yako haikuishia shambani, iliingia darasani na mwanao. Ndivyo na yangu inavyokwenda. Haikai chumbani kwangu.

MZAZI: Hapo umenena.

MWALIMU WA DARASA: Basi mniruhusu nimuulize dada muuguzi. Dada, wewe unakaa wapi?

MUUGUZI: Nyumba ya mtumishi, hapo hapo zahanati. Ina tenki la kuvunia maji ya mvua na taa ya jua.

MWALIMU WA DARASA: Mzee Mkapa alizaliwa Lupaso, hapo Masasi. Taasisi yenye jina lake ilijenga nyumba za watumishi wa afya vijijini, sehemu nyingi za nchi, kwa sababu watu waliona kwamba mganga asiye na pa kulala hakai. Hakuna aliyewaambia waganga kwanza wabadili mtazamo. Mwalimu akisema jambo lile lile, anaambiwa ualimu ni wito.

MUUGUZI: Sikupingi. Tena niseme la aibu yangu. Kabla sijahamia nyumba ile nilikuwa nimepanga mbali. Nilikuwa mkali kwa wagonjwa. Nilimfokea mama mjamzito aliyechelewa kliniki, naye alikuwa ametembea kutoka bondeni. Nilipohamia, ukali ulipungua bila mtu kunifanyia semina. Kwa hiyo nyumba inaponya, nimeona. Lakini nilipoanza nilihitaji pia mtu wa kuniambia kwamba nimekuwa mkali, kwa sababu mwenyewe sikuwa najiona. Na sasa niliseme lililonileta. Nafunga bandeji mikono ya watoto wa shule. Mikono iliyovimba. Mtoto anasema alianguka, na kuanguka hakuachi mistari.

MWANDISHI: Naingia mara moja tu, maana hapa kuna kanuni na watu huipita. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, na mchapaji ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kisha adhabu inaandikwa kitabuni. Viboko vya kuchelewa, vya kukosa hesabu, vya mwalimu aliyeamka vibaya, havimo. Watafiti wa Tanzania na Ujerumani, akiwemo Mabula Nkuba, wamechunguza kwa nini walimu wa nchi hii wanapiga. Wamekuta imani kwamba fimbo inafundisha, na wamekuta pia msongo wa mwalimu mwenyewe. Wakatengeneza mafunzo ya siku tano na nusu, na waliopitia mafunzo hayo walipunguza kupiga. Siku tano na nusu ni kitu kidogo mno kwa mkono wa mtoto, nasi bado tunabishana juu ya saa moja.

MZAZI: Mwanangu alirudi na mkono hivyo alipokuwa darasa la pili. Nilikuja shuleni, nikaambiwa itashughulikiwa. Sikujua nani. Mtoto alikataa kusema, na hadi leo mkono huo akishika kalamu muda mrefu anaupumzisha.

MWALIMU WA DARASA: Ni mimi, baba.

MZAZI: Nani?

MWALIMU WA DARASA: Mimi. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza. Usiku ule nilikuwa bombani hadi saa tano, maji yakakatika wamebaki watu wawili mbele yangu. Asubuhi nilikuwa na zamu, nikafika saa moja kasoro, sijanawa uso vizuri. Aliangusha ndoo ya maji ya kunywa ya darasa. Ndoo ya maji. Yeye alikuwa anakimbia tu, mtoto. Sikuhesabu viboko. Sisemi haya ili unisamehe kwa sababu ya maji, kwa maana wenzangu walikosa maji usiku ule ule na hawakumpiga mtu. Nasema kwa sababu nimebeba neno hili miaka miwili, nikikuona njiani nageukia upande wa pili.

MZAZI: Madamu, kwa nini hukuja nyumbani? Tungekukaribisha.

MWALIMU WA DARASA: Niliogopa.

MWALIMU MKUU: Na mimi ungeniambia.

MWALIMU WA DARASA: Kwa heshima yote, Mwalimu Mkuu, ningekuambia vipi? Wewe ndiye unayenipima kwenye mfumo wa utendaji kazi. Wewe ndiye unayepitisha barua yangu ya uhamisho. Nikae kwenye duara lako la Jumatano niseme kuna asubuhi nashindwa kuamka, kuna siku nawachukia watoto wenyewe, halafu Ijumaa unijazie tathmini? Hiyo ndiyo sababu ya pili ya kuikataa saa yako, na nilikuwa sijaitoa. Chai mbele ya bosi ni kikao.

MWALIMU MKUU: Hilo sikuliwaza. Ngoja kidogo. Posho ya madaraka ninayopewa ni laki mbili kwa mwezi, na inanitaka nijue kila kitu cha shule hii. Kumbe kuna mambo ambayo, ili yasemwe, natakiwa nisiyajue. Basi nitatoka. Nitakaa na watoto saa hiyo, walimu wabaki peke yao.

MUUGUZI: Mimi naweza kuja mara moja kwa mwezi. Nitakachosikia hakitaandikwa jina. Atakayehitaji zaidi ya masikio yangu nitampeleka hospitali ya Ndanda au ya Mkomaindo, na bima yake anayo.

MWALIMU MSTAAFU: Na mimi nauli ya kupanda kutoka Masasi nitaitafuta. Niliwaambia tabia, tabia. Lakini nimekumbuka yule wa madeni. Aliniomba siku moja tutembee pamoja hadi njia panda. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Sikwenda.

MZAZI: Sikilizeni. Mimi bado sijakubali watoto wapoteze kipindi. Mwalimu Mkuu mmoja hawezi kushika madarasa saba. Mkitaka saa, iwe baada ya masomo, saa tisa hadi saa kumi. Hapo nitasimama kwenye kamati nikiwatetea. Na la pili. Paa la shule ni kubwa, mvua ya Januari na Februari inamwagika yote chini. Kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi, kabla ya minada, nitaomba tukatwe shilingi kadhaa kwa kilo, tununue mifereji na tenki. Si la wanafunzi peke yao. Nitalisema wazi kwamba ni la walimu pia, wanaotaka kuninunia waninunie.

MWALIMU WA DARASA: Mkikata kwa hiari yenu nitashukuru. Lakini baba, lisije likawa ndilo jibu lote. Mkulima akimnunulia mwalimu tenki, halmashauri itasema tatizo limekwisha, na nyumba hazitajengwa. Nimeona kwetu: wananchi walijenga maboma ya madarasa hadi kwenye linta, wakaahidiwa kumaliziwa, mihogo ikaota ndani.

MZAZI: Unataka tusikate?

MWALIMU WA DARASA: Nataka mkate, na siku hiyo hiyo mwandike barua ya kudai nyumba. Mkiandika ninyi wazazi itasomwa tofauti. Tukiandika sisi tunaitwa wachochezi.

MWALIMU MSTAAFU: Barua nitaiandika mimi. Mwandiko wangu bado mzuri, na mstaafu hahamishwi.

MWALIMU MKUU: Basi tuandike yaliyopo. Jumatano, saa tisa hadi saa kumi, walimu peke yao, muuguzi mara moja kwa mwezi. Mimi simo. Madamu, utakuja?

MWALIMU WA DARASA: Nitakuja. Lakini kwanza nikija kwako nyumbani, baba, mtoto atakuwepo?

MZAZI: Jumapili yupo. Mama yake pia.

MWALIMU WA DARASA: Nitakuja Jumapili. Na hiyo saa, Mwalimu Mkuu, isiwe Jumatano.

MWALIMU MKUU: Kwa nini tena?

MWALIMU WA DARASA: Jumatano ndiyo zamu ya maji kwetu. Wanafungua saa tisa.